Ukurasa wa Themanini na Nne

Gari la Profesa Emanueli Machage lilipiga honi mara mbili mbele ya ua, na aliyeitwa hakuwa mwenye ua.

"Shikamoo mzee," dereva alisema, kichwa kikiwa nje ya dirisha. "Mama yupo?"

Mwalimu Simioni aliitikia marahaba, akabaki amesimama na jembe lake begani, akingoja kuulizwa na jambo jingine. Hakuulizwa. Ikambidi ageuke mwenyewe kwenda kumwita mkewe, kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Wegesa alikuwa tayari tangu kuku walipofunguliwa. Amejifunga kitenge chake cha kanisani, viatu amevipangusa kwa mafuta ya kupikia. Alifunga mlango wa jiko kwa kamba, akamtazama mumewe, akasema neno ambalo bila shaka alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Baba Neema, leo nakuomba kitu kimoja tu. Ukae usikilize mpaka mwisho."

Simioni amefundisha miaka thelathini na mitatu katika shule za Tarime na Serengeti, kuanzia hapa Nyanungu hadi Kisaka na kurudi. Amewachapa watu ambao leo ni madiwani kwa sababu ya kutosikiliza mpaka mwisho. Sasa aambiwe yeye, tena na mke aliyeishia darasa la nne? Aliingia ndani, akavaa koti, akachukua mfuko wenye madaftari yake saba, akatoka.

Profesa alikuwa ameshuka garini kumlaki. "Mura!" aliita, mikono ameitanua, kama wanavyoitana vijana wa Kikurya hata wakishaota mvi. Akamkumbatia Simioni, akampigapiga mgongoni. Kisha akafungua mlango wa mbele, akasema, "Shemeji, karibu hapa." Wegesa akakaa mbele. Simioni akapanda nyuma, katikati ya boksi la makaratasi na kreti mbili za soda, goti moja likiwa juu ya lingine.

Wawili hao walitahiriwa asubuhi moja kwa kisu kimoja. Emanueli alikuwa wa tatu kwenye mstari, Simioni wa nne, na kwa watu wa jando moja jambo hilo haliishi siku hiyo: nyama ikikatwa, Emanueli huchukua kwanza, Simioni huchukua kilichobaki. Mwaka uliofuata wakafanya mtihani wa darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa tatu. Simioni akawa wa nne.

Huyo ndiye Emanueli ambaye siku hizi husikika redioni kila wiki. Akiulizwa juu ya uchaguzi hujibu kwa habari za Wajerumani, akiulizwa juu ya Wajerumani hujibu kwa habari za uchaguzi. Anasema Mzungu alipofika huku Mara alikuta watu wanaojiamulia mambo yao kwenye mkutano wao, ritongo, kila mtu mzima na neno lake. Akauvunja mkutano ule, akaweka mtemi wa kuamrisha, na mpaka leo mikutano yetu ya kijiji tunakwenda kuambiwa, hatuendi kuamua. Watu humsifu. Madukani redio huongezwa sauti. Simioni, akiwa dukani, huomba ipunguzwe ili ahesabiwe chenji yake vizuri.

*

Ilianza hivi. Misimu miwili ya mavuno iliyopita Profesa alikuja hapa nyumbani akiomba kuyaona yale madaftari. Alijua, kama watu wote walivyojua, kwamba Simioni amekuwa akiandika habari za wazee tangu ujana. Simioni alimkatalia. Alimwambia ana mtu wake wa kuchapa, yuko Mwanza, wanamalizia mazungumzo. Mtu huyo hakuwepo Mwanza wala popote. Simioni alitaka tu, mara moja katika maisha yake, Emanueli aombe kitu akikose.

Profesa hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa karibu na Wegesa aliyekuwa akipepeta ulezi, akamwuliza kwa kuzungumza tu, "Shemeji, hivi ritongo la upande huu lilikuwa likikaa wapi?" Wegesa akajibu, "Kabla halijakatazwa, au baada?" Profesa akaweka chini kikombe chake cha chai.

Walizungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Simioni alikuwa akipita mbele yao, mara anatafuta panga, mara anatafuta kamba. Alisikia vipande vipande: bibi yake Wegesa, yule Nyanya Waisiko, na wanawake wenziwe. Akamwona mkewe akicheka kicheko ambacho hakukisikia tangu Neema aolewe. Alirudi Profesa mara nne baada ya hapo, na mara zote nne aliuliza kama mama yupo.

Simioni hakumwuliza mkewe alichosimulia. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba wanawake wana hadithi, historia wanayo wanaume, na hakuona namna ya kwenda jikoni kuuliza. Alilala na wivu, akaamka nao, akala nao. Chumvi ikizidi kwenye mboga alisema, "Siku hizi mawazo yako yapo kwenye vitabu."

*

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha darasa la tano. Profesa ana utaratibu wake, na ndio uliowaleta watu wengi hivyo. Kitabu hakipelekwi kiwandani mpaka kila kijiji kisomewe sura yake. Na nyumba yoyote iliyotajwa, mtu wa nyumba hiyo akisimama akasema hapana, ukurasa wao unatolewa pale pale, bila kuulizwa sababu mara mbili. Wenzake wa chuo walimwambia ni wazimu. Yeye alisema hawezi kuandika kitabu kizima juu ya haki ya watu kukataa, halafu awanyime haki ya kukataa kitabu.

Mbele, kando ya ubao, viliwekwa viti vitatu vya plastiki. Kimoja cha Profesa, kimoja cha Steven, mwenyekiti wa kijiji, na cha tatu kilibandikwa karatasi: MSIMULIZI. Elieth, mtendaji wa kijiji, msichana mwenye miwani na daftari la mahudhurio, alimshika Wegesa mkono akamkalisha hapo. Simioni alisimama kidogo karibu na mlango, mfuko wake kwapani. Hakukuwa na kiti cha nne. Elieth akamwonyesha dawati la mstari wa pili.

"Hapo patakufaa, mwalimu. Unapajua."

Darasa likacheka, kicheko cha mapenzi tu. Lakini mzee wa miaka sitini na minane, magoti yamegusa kidevu, kwenye dawati alilolipokea kwa sahihi yake mwenyewe lilipotoka kwa fundi, hasikii mapenzi. Mzee mmoja nyuma yake akamwinamia sikioni. "Kumbe mume wa msimulizi ni wewe? Hongera." Simioni akasema asante.

Profesa alisoma kwa sauti yake ya redioni. Alisoma jinsi Mwingereza alivyompa mtemi kofia na kitabu cha kodi. Alisoma jinsi ritongo lilivyokatazwa isipokuwa mtemi akae kichwani, na wanaume wakatii, wakakaa kimya. Watu wakatikisa vichwa. Kisha akageuza karatasi.

"Ukurasa wa themanini na nne," alisema. "Maneno haya ni ya Mama Wegesa, aliyapata kwa bibi yake. Sikuyapunguza."

Simioni akamtazama mkewe. Wegesa alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akimtazama yeye.

Ukurasa ulisema wanaume walipoacha ritongo, wanawake walilichukua. Walilipeleka shambani. Kwa Wakurya kulima kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho, hakuna askari anayekushangaa. Basi wanawake arobaini wameinama na majembe, na huku wanapalilia wanakata kesi: malisho ya nani, mjane gani asaidiwe, mtemi ajibiwe nini. Msemaji alikuwa yule aliyefika mwisho wa tuta lake. Kama hukufika, kaza mkono, utasema ukifika. Hapo darasani wanawake walianza kuguna, mmoja akasema ndiyo, ndivyo, hata mama yangu alikuwa akisema hivyo.

Profesa akaendelea kusoma. "'Alikuwepo mtu wa mtemi wa kuhesabu nyumba. Alitembea na kopo la chokaa. Nyumba aliyoihesabu aliipiga alama kwenye nguzo ya mlango, na nyumba yenye alama ililipa kodi hata kama mwenyewe amekufa. Mtu huyo aliitwa Marwa. Ndiye baba aliyemzaa baba mkwe wangu.'"

Vichwa viligeuka kuelekea mstari wa pili. Simioni alipokuwa mdogo, wakichunga ng'ombe, wenzake walimwita mtoto wa chokaa, na kwa ajili ya jina hilo alipigana mpaka akang'oka jino. Lakini chokaa haikuwa kitu. Kilichokuja baada ya chokaa ndicho ambacho baba yake, siku alipokuwa anakufa, alimwapisha asikitaje: kwamba mzee Marwa alifungwa Musoma miezi sita kwa kuiba fedha za kodi. Ndani ya yale madaftari saba Simioni mwenyewe aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, *Babu alikwenda Musoma kikazi.*

"'Wanawake walimwogopa Marwa,'" Profesa alisoma, "'na walimchukia. Mpaka ulipofika msimu ambao Marwa alipelekwa Musoma. Na sababu ya kupelekwa Musoma...'"

"Hapana."

Alikuwa amesimama. Dawati lilikuwa limempanda mapajani, akalisukuma, likalia juu ya sementi.

"Mimi ni wa nyumba hiyo," Simioni alisema. "Nasema hapana. Ukurasa huo ni uongo. Umesimuliwa na mtu asiyejua, kwa mtu aliyetaka kusikia. Utolewe."

Mwanamke nyuma akasema, kwa sauti ya kuomba, wamalizie kwanza ndipo utolewe. Mwenyekiti Steven aliinua mkono. Alisema utaratibu wameukubali wote, nyumba imeshasema. Profesa alikaa na ile karatasi mkononi. Alimtazama Simioni, kisha Wegesa. Wegesa alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataa kuongezewa ugali.

Profesa akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari kutoka juu mpaka chini. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Ukurasa wa themanini na tano," alisema, na sauti ya redioni ilikuwa imemtoka.

Simioni alikaa. Kwa muda alijisikia raha, raha ya kweli, inayoteremka kifuani kama maji ya mtungini. Kwa mara ya kwanza Emanueli alikuwa na kitu, na yeye amekichukua.

*

Soda zilipogawiwa, Simioni alimfuata Profesa garini na mfuko wake. Alikuwa amelipanga jambo hili tangu asubuhi. Kwa kuwa sasa sura ina pengo, alisema, yeye yuko tayari kusaidia. Akayatoa madaftari.

Profesa alisoma akiwa amesimama, kurasa tano, sita, kumi. Hakuharakisha, na hilo lilimpa Simioni matumaini.

"Mwandiko mzuri, rika. Na kazi kubwa. Lakini ona, wazee wako wote wanne wamekueleza jambo moja, karibu kwa maneno yale yale."

"Kwa sababu ndio ukweli."

"Kwa sababu wote wanne walikuwa kwenye baraza la mtemi." Akayafunga madaftari taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Wewe uliandika waliokuwa na viti. Mimi nami ningefanya hivyo hivyo, kama shemeji asingeniuliza, kabla au baada."

Wegesa hakungoja gari. Alikibeba kile kiti cha plastiki mpaka ofisi ya kijiji kilikoazimwa, akakikabidhi, akatembea kwa miguu kwenda nyumbani. Simioni alimwona kwa mbali akibandua ile karatasi mgongoni mwa kiti, asiitupe, akaikunja.

*

Simioni alingoja ugomvi, ugomvi haukuja. Maji ya kuoga yalipelekwa, ugali wa mtama na mhogo ukawekwa mezani ukiwa na moto wake, shati likapigwa pasi. "Karibu chakula, Mwalimu." Mwalimu. Miaka thelathini na tisa alikuwa Baba Neema.

Halafu wanawake wakaanza kuja. Mara ya kwanza walikuwa wawili, wa hapa hapa, wakijidai wameleta mbegu za maboga. Wiki iliyofuata walikuja wengine kutoka Kerende, mwendo wa kutosha kuchoka, na hao hawakusingizia mbegu. Walisema, mama, tumesikia kuna ukurasa umekatwa. Mambo yaliyobaki kitabuni hayakuwavuta hata kidogo. Walitaka lile lililokatwa. Wegesa aliwapokea jikoni, akawapa uji wa ulezi, na mlango ukaegeshwa. Simioni akiwa nje alisikia sauti ya mkewe, ndefu, tulivu, halafu kimya, halafu wanawake wote kwa pamoja wakivuta pumzi. Alisogea. Ubao wa kibaraza ukalia chini ya kiatu chake. Ndani wakanyamaza, mmoja akatoka akamwuliza, "Shikamoo mwalimu, nikuletee uji?"

Alianza kuona wivu hata kwa watu asiowajua majina. Kila mwanamke aliyekutana naye njiani alikuwa na kitu cha nyumba yake ambacho yeye mwenye nyumba hakuwa nacho.

Aliyemfungua macho ni Akech, Mjaluo anayeleta dagaa kutoka Shirati siku ya gulio, mwanamke mnene, mdomo hauna mlango. Humwita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na humwongezea kiganja kimoja cha dagaa kila mara. Siku hiyo alimwongezea viganja vitatu.

"Hicho cha tatu si chako, japuonj. Ni cha babu yako."

Simioni alishtuka akamwuliza babu yake ameingiaje kwenye dagaa.

"Si yule wa chokaa? Wanawake wamenisimulia hapa mpaka nikalia, nikakosea kupima. Wallahi mtu kama yule kwetu angeimbiwa." Akech aliona uso wake, akaacha kupima. "Ai. Kumbe hujui? Wewe uliyekata?"

"Nilichokata ni uongo," Simioni alisema. Sauti haikuwa yake.

Basi Akech akamsimulia, huku akihudumia wateja, na kila mteja aliyefika alisimama akaongezea. Marwa siku moja aliwakuta wanawake shambani wakikata kesi. Badala ya kukimbia kumwambia mtemi, alivua viatu, akaingia kwenye tuta, akaomba jembe, akalima mpaka mwisho ili apate ruhusa ya kusema. Aliposema, alisema wamhukumu. Wakamhukumu: akafute kwa mikono yake alama kwenye milango ya wajane wote. Akafuta milango kumi na mmoja, kwa maji na mavi ya ng'ombe, mchana, watu wakiona. Mtemi alipoona hesabu imepungua alishindwa kumwandikia Mwingereza kwamba mtu wake amehukumiwa na wanawake, akaandika kwamba ameiba. Ndiyo Musoma. Na wanawake wale wakamlimia shamba lake misimu miwili, hawakuacha hata tuta moja.

"Mimi nilidhani ulikata kwa sababu ya unyenyekevu," Akech alisema. "Watu wengine hawapendi kusifiwa."

Simioni aliziacha dagaa pale pale juu ya mizani.

*

Alimkuta Wegesa akianika mihogo kwenye mkeka. Alisimama mbele yake na kivuli chake kikaifunika mihogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilikuambia usikilize mpaka mwisho." Alisogeza mkeka ukatoka kivulini. "Nilipoolewa hapa nilikuta watu wanaona aibu na mtu mwema. Nilijaribu kusema mara moja, ukiwa unasahihisha madaftari ya watoto. Ukasema hizo ni hadithi za jembe. Nikakaa nazo. Alipokuja shemeji nikasema, afadhali. Atasikia kwa mtu anayemwamini, mbele ya watu waliomtukana utotoni. Itakuwa zawadi."

"Nisimulie sasa. Wewe. Nataka kusikia kwako."

Wegesa aligeuza kipande cha muhogo, akageuza na kingine.

"Ulisema mbele ya kijiji kizima kwamba ni uongo, na kwamba mimi ni mtu asiyejua. Sasa hapa tuko wawili. Nikikusimulia hapa, nitakuwa nimekubali kwamba pale mbele za watu mimi ni mwongo, na huku nyumbani ndiko nina akili. Sitaki, Mwalimu."

Simioni alimpigia simu Emanueli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kupigiwa kwanza. Hakuzunguka. Alisema ukurasa urudishwe.

Upande wa Profesa kulisikika watu wakipita kwenye korido. Alisema kitabu kinaingia kiwandani mwisho wa mwezi. Alisema angependa kuurudisha leo hii, kwa mkono wake.

"Lakini sikuutoa mimi, rika. Ulitolewa mkutanoni. Nikiurudisha kwa simu, nitakuwa mtemi."

"Mimi si ndiye niliyesema utolewe?"

"Ndiyo. Ulisema ukiwa umesimama."

Simioni alikata simu. Alimtukana Emanueli akiwa peke yake njia nzima, kwa Kikurya, akimwita kila jina analolijua, na mwendo wote huo miguu yake ilikuwa inakwenda ofisi ya kijiji.

*

Elieth alikuwa peke yake, anakula mahindi ya kuchemsha juu ya daftari la risiti. Alifuta mikono, akaamkia, akavuta kiti. Mwalimu alisema anataka mkutano wa kijiji uitishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Elieth alitoa karatasi ya tangazo, akaandika tarehe, akaandika mahali, akainua kalamu.

"Ajenda?"

Simioni alitazama ukutani. Kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi.

"Andika Mengineyo."

"Mengineyo huwa mwisho, mwalimu, baada ya ajenda. Mengineyo peke yake hayaitishi mkutano. Hakuna atakayekuja."

"Basi andika Marekebisho ya Historia."

Elieth aliandika neno la kwanza, akasita. Alikuwa msichana wa adabu, mama yake alisoma kwa Simioni. "Watauliza nani amekosea. Mwenyekiti hawezi kutia sahihi kitu ambacho hakieleweki. Samahani, mwalimu, ndiyo kanuni."

Nje mtu alipita na baiskeli, magunia ya mkaa yakigusana. Simioni alivua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena. Ikampitia akilini kwamba angeweza kuondoka. Kitabu kingetoka bila ukurasa, Emanueli angekuwa na pengo lake, na baada ya mwaka watu wangesahau. Lakini jikoni kwake hawangesahau. Wangeendelea kuja, na mlango ungeendelea kuegeshwa, na yeye angebaki kibarazani akiulizwa kama anataka uji.

"Andika," alisema. "Mwalimu Simioni atasimama kueleza kwamba alimwita mkewe mwongo kwa sababu yeye mke aliulizwa, na yeye Simioni hakuulizwa."

Kalamu ya Elieth haikutembea.

"Andika, mwanangu. Nitakwenda polepole kama imla."

Akaandika. Simioni akamsomea neno kwa neno, akamsahihisha alipoliruka moja. Alipomaliza, Elieth alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Tangazo hukaa mlangoni siku saba, mwalimu. Hapa hupita kila mtu. Hata watoto wa shule watasoma."

"Wazazi wao nimewafundisha mimi kusoma," Simioni alisema. "Bandika."